Kulia na Kugoma: Kazi Mbili za Alamu ya Motokaa

Katika miji ya Afrika ya Mashariki neno alamu limekwisha kuwa la kila siku, na mwenye motokaa asemapo kwamba gari lake lina alamu hueleweka pasipo swali. Hata hivyo, neno hilo moja hubeba mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni chombo cha kupiga kelele pindi mtu asiyehusika anapoigusa motokaa. La pili ni chombo cha kuizuia injini isiwake, hata kama mwizi amekwisha kuingia ndani na kuushika usukani. Cha kwanza huwaita watu. Cha pili hakimwiti mtu yeyote, bali hukataa tu. Mara nyingi fundi huviunga vyote viwili katika kisanduku kimoja, muuzaji huviuza kwa bei moja, na mnunuzi huondoka akidhani amenunua kitu kimoja. Mchanganyiko huu wa lugha una gharama yake, kwa kuwa nguvu ya kimoja si nguvu ya kingine, na yako magari mengi yenye cha kwanza pasipo cha pili.

Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno ya kuitana wakati wa hatari. Mtu hupiga yowe, hupiga ukunga, hupiga kamsa. Na kwa jambo la mji mzima ilipigwa mbiu, yaani pembe, nayo imeacha methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. King'ora kimekuwa jina la mlio wa magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto; honi ilikuja kutoka Kiingereza pamoja na motokaa zenyewe. Alamu nayo imepitia Kiingereza, lakini chimbuko lake ni Kitaliano, ambako maneno all'arme yalikuwa mwito wa kuwataka askari washike silaha. (Neno hili halina udugu na alama, ambalo asili yake ni Kiarabu, ingawa masikio huyakaribisha pamoja.) Yafaa kuangaliwa kwamba katika maneno yote haya ya zamani mna pande mbili, anayeita na anayeitika. Pembe haikumkamata adui. Iliwatoa watu majumbani, nao ndio waliofanya kazi. Alamu ya motokaa imeirithi nusu ya kwanza ya desturi hiyo, na nusu ya pili imeachiwa bahati.

Mwenye motokaa anapofunga milango kwa rimoti, kisanduku cha udhibiti, ambacho aghalabu hufichwa nyuma ya dashibodi, huingia katika hali ya kukesha. Kukesha huku hula umeme, ingawa kidogo. Kisanduku kinachotumia miliampea 20 humaliza karibu nusu ya ampea-saa kwa siku, kwa hiyo katika mwezi mmoja huchota ampea-saa 14 au 15 kutoka katika betri ambayo pengine uwezo wake wote ni 50. Ndiyo sababu motokaa iliyoachwa miezi miwili uani huwa haina nguvu ya kuzungusha starta, na mwenyewe humlaumu fundi wa betri bure.

Chombo kinachokesha hakioni wala hakisikii chenyewe, hutegemea vihisi. Mafundi wengi huviita sensa, lakini neno hilo limekwisha kukaliwa na hesabu ya watu, na kihisi ni neno lililo wazi zaidi. Kihisi kilicho rahisi kuliko vyote ni swichi ya mlango, yaani kile kitufe kidogo kilichomo katika fremu ambacho huwasha taa ya ndani mlango unapofunguliwa. Mlango ukifungwa hukibonyeza kitufe na kuutenga waya na bodi ya gari; ukifunguliwa, kitufe hutoka, waya hugusana na bodi, na kisanduku hutambua kwamba umeme wa waya ule umeshuka hadi sifuri. Swichi kama hiyo huwekwa pia katika buti na chini ya boneti. Ile ya boneti ndiyo ambayo mafundi wavivu huiacha, na kuiacha ni kosa kubwa, kwa maana betri iko huko, na mwizi anayeweza kuifikia betri aweza kuinyamazisha alamu nzima. Zipo alamu za bei ndogo zisizokuwa na waya wa mlango hata mmoja: hizo hupeleleza betri tu, na taa ya ndani inapowaka, ule upungufu mdogo wa volti huwa ndiyo habari yenyewe.

Kihisi cha mtikisiko hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna kipande cha kauri ambacho kikibanwa au kikipindwa hutoa umeme kidogo, na kadiri pigo lilivyo kali ndivyo umeme unavyozidi. Kisanduku huwekewa mipaka miwili. Pigo linalovuka mpaka wa chini huleta milio mifupi ya kuonya. Pigo linalovuka mpaka wa juu hukiamsha king'ora kizima. Katika alamu nyingi zinazofungwa gerejini mipaka hiyo hurekebishwa kwa skrubu ndogo isiyozidi ukucha, na kwa hakika tabia yote ya alamu imo katika skrubu hiyo. Ikikazwa kupita kiasi, lori likipita barabarani motokaa hulia; ikilegezwa kupita kiasi, mtu aweza kuvunja kioo na alamu isitoe sauti.

Magari ya bei kubwa huongezewa macho ya ndani, ambayo kwa kweli ni masikio. Chombo kimoja karibu na dari hutoa sauti ya mitetemo ipatayo 40,000 kwa sekunde, nayo haisikiki kwa binadamu, ambaye usikivu wake hukoma karibu na 20,000. Sauti hiyo hugonga viti na vioo, kisha hurudi. Kama hakuna kinachosogea, hurudi kama ilivyokwenda. Mkono ukipita, mitetemo hubadilika idadi, kwa kanuni ile aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, na ambayo kila mtu huisikia king'ora cha gari la wagonjwa kinapompita na mlio wake kushuka. Udhaifu wake ni kwamba hewa nayo husogea. Motokaa iliyoachwa juani kioo kikiwa wazi kidogo yaweza kulia kwa sababu ya joto lake yenyewe. Kihisi cha mwinamo, kwa upande mwingine, huangalia kama gari linanyanyuliwa ili livutwe au ling'olewe magurudumu.

Habari ikifika, kisanduku hakipeleki umeme wa king'ora moja kwa moja, kwa maana nyaya zake ni nyembamba. Huituma relei, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku: umeme mdogo huivuta, nayo huufungulia umeme mkubwa njia. Taa za pembeni humweka na king'ora hulia. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya hutaka mlio uwe kati ya desibeli 105 na 118, na udumu kwa sekunde 25 hadi 30. King'ora kizuri huwa na betri yake ndogo ndani, ili kukatwa kwa waya kusikinyamazishe. Kukatwa huko huwa ndiko kunakokiliza.

Hapo ndipo kazi ya kulia inapokwisha, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mbiu ya mgambo ilikuwa na maana kwa sababu haikulia ila kwa jambo. Alamu ya motokaa hulia kwa paka, kwa radi, kwa mpira wa watoto, kwa mwenyewe aliyesahau kuizima. Mlio mmoja wenye maana mia haubaki na maana, na jirani anayeusikia usiku hageuzi ila ubavu. Nchini Marekani, taasisi inayochunguza hasara za bima ya magari ilitoa mwaka 1997 matokeo yaliyoonyesha kwamba magari yenye alamu hayakuwa na upungufu wa jumla wa hasara za wizi kuliko mengine. Tena upo wizi ambao alamu haukusudii kabisa. Kioo cha pembeni chaweza kung'olewa kwa mkono mwepesi pasipo mlango kufunguliwa, na wenye motokaa wa Nairobi na Dar es Salaam, wanaochora namba za magari yao juu ya vioo, wanalifahamu jambo hilo bila ya kusoma takwimu.

Kabla ya kufika kwenye chombo cha pili lazima swali moja lijibiwe: kisanduku hujuaje kwamba anayefungua ni mwenyewe? Rimoti hutuma mawimbi ya redio, kwa kawaida ya megahezi 433.92 katika magari ya Ulaya na karibu 315 katika yale ya Japani na Marekani. Ndiyo sababu rimoti iliyonunuliwa kwa gari la Ulaya haiwezi kuzungumza na motokaa iliyotoka Japani, hata zikifanana kwa sura. Rimoti za mwanzo zilituma namba moja ile ile kila mara. Namba hiyo ilikuwa kama neno la siri linalotamkwa kwa sauti kubwa sokoni: aliyekuwa na chombo cha kunasa mawimbi aliisikia mara moja, akairudia wakati wowote alioutaka, na motokaa ikamfungulia.

Dawa iliyoenea kuliko nyingine ilitoka Afrika ya Kusini. Katikati ya miaka ya 1980, katika kampuni ya Nanoteq, ulitengenezwa utaratibu wa KeeLoq, ambao fumbo lake lilibuniwa na Gideon Kuhn. Mwaka 1995 haki zake zilinunuliwa na Microchip ya Marekani. Katika kuueleza utaratibu huu Kiswahili kina bahati, kwa sababu vitenzi vyake vimekwisha kuwapo: kufumba ni kuyaficha maneno, na kufumbua ni kuyatoa katika maficho. Rimoti na kisanduku hushirikiana siri moja, nayo haisafiri hewani kamwe. Kila mmoja hushika pia hesabu. Kitufe kinapobonyezwa, rimoti huongeza moja katika hesabu yake, huifumba kwa ile siri, na kuituma pamoja na namba yake ya utambulisho. Katika aina moja iliyotumika sana ujumbe wote ni tarakimu 66 za sifuri na moja, na 32 kati yake ndizo zilizofumbwa. Kisanduku hufumbua na kulinganisha. Hesabu ikiwa mbele ya ile ya mwisho, hukubali na kuiandika mpya; ikiwa nyuma au sawa, hukataa. Kwa hiyo ujumbe ulionaswa jana ni kama tiketi iliyokwisha kutobolewa.

Itaulizwa: mtoto akiuchezea ufunguo nyumbani, mbali na motokaa, hesabu hazitapishana? Zitapishana, nao waliotengeneza walilifikiria hilo. Kisanduku hukubali hesabu iliyotangulia kwa hatua zisizozidi 16 bila ya kuuliza. Ikitangulia zaidi, hungoja kitufe kibonyezwe mara ya pili, na kama hesabu mbili zikifuatana sawasawa, husadiki na kujirekebisha. Ndiyo maana rimoti iliyochezewa sana hufungua kwa mbonyezo wa pili, na mwenyewe hudhani betri yake imechoka.

Hata hivyo fumbo ni la kufumbuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na vifaa vya KeeLoq vinapofanya hesabu yawezekana kuipata siri ya mtengenezaji, na kwayo kuiga rimoti zake. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha hila isiyohitaji kufumbua chochote: chombo chake kilivuruga mawimbi motokaa isisikie, huku chenyewe kikiuhifadhi ujumbe ambao haujatumika bado. Tiketi ilikuwa haijatobolewa, ila ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Sasa chombo cha pili. Wenye magari husema gari limegoma pale linapokataa kuwaka, na hapana kitenzi kinachoeleza kazi hii vizuri zaidi. Madereva wengine huliita imobilaiza, neno ambalo wengi hulimeza ndani ya alamu. Kizuizi ni neno pana mno, kwa kuwa hata gogo njiani ni kizuizi. Kama gomesha ni kumfanya mwingine agome, basi kigomeshi ni jina linalojieleza lenyewe, na fundi hahitaji kulifundishwa mara mbili.

Kigomeshi cha gerejini ni relei iliyopachikwa katika waya wa starta au wa pampu ya mafuta. Alamu inapokesha, relei huukata waya. Ni kazi nyepesi, na udhaifu wake ni mwepesi vile vile: anayejua relei ilipofichwa aweza kuiruka kwa kipande cha waya, na aliyeificha anajua. Kigomeshi cha kiwandani ni jambo jingine. Katika kichwa cha ufunguo hutiwa chembe ndogo ya elektroniki isiyo na betri. Kandokando ya tundu la ufunguo mna pete ya waya inayotoa uga wa sumaku wa mitetemo ipatayo 125,000 kwa sekunde. Uga huo huilisha chembe umeme wake, na kwa njia hiyo hiyo mazungumzo huanza. Katika zile zilizo bora, motokaa huuliza kwa namba iliyookotwa ovyo, ufunguo huifumba kwa siri yake na kujibu, na kompyuta ya injini, ikiwa imefanya hesabu hiyo hiyo, hulinganisha. Jibu likipungua, petroli haiingii na cheche hairuki. Hapana waya mmoja wa kuurukia, maana anayekataa ni injini yenyewe. Wala swali la leo silo la kesho, kwa hiyo kulinasa jibu hakumfai mwizi kitu.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 1995 ilifanya kigomeshi kuwa lazima kwa motokaa mpya, na kufikia mwisho wa 1998 sharti hilo lilikuwa likitumika kote katika Umoja huo. Kanada ilifuata mwaka 2007. Wanauchumi Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza wizi wa magari Uholanzi kati ya miaka 1995 na 2008, walikuta kwamba sharti hilo liliupunguza kwa kiasi kikubwa, hata baada ya kuhesabiwa wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyo na chombo hicho. Kugoma kulikuwa kumefanya jambo ambalo kulia hakukuliweza.

Kugoma nako kuna mlango wa nyuma. Katika motokaa zinazowashwa kwa kitufe, ufunguo ukiwa mfukoni tu, gari huamini kwamba ufunguo unaojibu uko karibu. Mwaka 2011 watafiti wa ETH ya Zürich walieleza jinsi walivyojaribu aina 10 za magari ya watengenezaji 8 kwa vyombo viwili: kimoja kando ya motokaa na kingine karibu na ufunguo, vikipokezana maneno. Magari yote yalifunguka na kuwaka. Fumbo halikuguswa, mjumbe tu aliongezwa. Watengenezaji wamejibu kwa funguo zinazolala zisipotikiswa, na kwa zile zinazopima muda wa jibu, kwa sababu wimbi la redio husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na safari ndefu huchelewa.

Tofauti ya kazi hizi mbili haijapata kuonekana wazi kama ilivyoonekana Marekani katika miaka ya karibuni. Huko hapakuwa na sheria ya taifa ya kulazimisha kigomeshi, na aina nyingi za Hyundai na Kia za kuwashwa kwa ufunguo wa kawaida ziliuzwa bila ya chombo hicho. Aina zizo hizo zilizouzwa Kanada zilikuwa nacho, kwa kuwa sheria ilitaka. Kuanzia mwaka 2021 video za kuonyesha jinsi ya kuwasha magari hayo bila ya ufunguo zilienea miongoni mwa vijana, na wizi ukazidi katika miji mingi. Mwezi Februari 2023 kampuni hizo zilitangaza programu mpya kwa ajili ya magari yapatayo milioni 8.3. Programu ilibadilisha mambo mawili: muda wa alamu kulia uliongezwa kutoka sekunde 30 hadi dakika moja, na motokaa ikafanywa igome mpaka ufunguo uwe ndani ya tundu lake. Kwa magari ambayo hayakuweza kuipokea programu hiyo, wenyewe walipewa, au walirudishiwa gharama ya, kufuli la chuma la kufungia usukani.